Pikapu la Binti Nassibu

Gari lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu pale Temeke ambao mpaka leo wanasema "lile gari la marehemu Fakihi," na kila nikiwasikia damu inanichemka. Fakihi alikuwa mume wangu na nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini gari halikuwa lake. Yeye alikuwa dereva. Mwenye gari ni mimi, Somoe binti Nassibu, Myao wa Tunduru, niliyekuja Dar es Salaam wakati wa vita nikauza vitumbua asubuhi, kuni mchana na makaa jioni, mpaka kucha zangu zikawa hazitakati hata nikizisugua kwa ndimu.

Pikapu lenyewe lilikuwa la Kimarekani, kubwa, la kabla ya vita. Akbar, mwenye duka pale Gongo la Mboto, alilinunua likiwa tayari limechoka, akalichosha zaidi kwa kubebea nazi kavu na magunia ya mihogo. Akbar alipofariki, mwanawe Firoz hakutaka hata kuonekana nalo. Likaegeshwa nyuma ya duka, kuku wakafanya kiti chake kuwa kiota. Mimi nilikuwa nikinunua sabuni dukani hapo, na kila nikienda nilizunguka nyuma kulitazama. Siku moja Shirinbai, mjane wa Akbar, akanikuta nimesimama.

"Binti Nassibu, unatazama kuku au gari?"

"Gari."

"La nini? La kubebea vitumbua?"

"La makaa. Nimechoka kuwapa wenye malori nusu ya mzigo wangu, na bado wananitukana."

Shirinbai hakucheka, na kwa hilo peke yake sitamsahau. Aliniuliza kama nina fedha, nikamwambia ninazo, akasema nizilete kabla Firoz hajapata mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilizileta zimefungwa kwenye pindo la kanga. Akazipokea kwa mkono wake mwenyewe, kisha akanitajia magonjwa yote ya gari lile bila kuficha hata moja. Mlango wa kushoto haufungi bila kamba. Tangi la petroli linavuja, dawa yake ni sabuni ya mche, unakanda kipande unabandika. Rejeta ina matundu, dawa yake ni manjano.

"Manjano haya ya mchuzi?"

"Haya haya. Kijiko ndani ya maji, yanakwenda yenyewe yanaziba. Marehemu aliniita mwendawazimu, halafu akawa ananiibia manjano jikoni."

Fakihi alijifunza udereva jeshini, akapelekwa Burma kuendesha malori kwenye tope la huko, kwa hiyo Pugu haikumtisha. Siku tuliyoliingiza gari Temeke, wanaume walishuka barazani kumpa mkono. Hongera bwana Fakihi, umetuheshimisha, sasa na sisi tuna mwenye gari. Mimi nimekaa pembeni yake, nimeshika kamba ya mlango nisije nikaangukia barabarani, hakuna aliyenitazama. Haki yake nampa: aliwaambia, "La mke wangu hili. Mie dereva tu." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Aliwaambia tena kesho yake, na tena. Mwishowe akachoka, akawa ananyamaza wakimwita tajiri.

Nilimnunia kwa kunyamaza kule.

"Somoe," alinibembeleza, "wewe unajua, mie najua, Mungu anajua. Hao wengine wa nini?"

"Hao wengine ndio wanaokaa barazani," nilimwambia.

Hata serikali haikuamini. Mzungu mmoja wa polisi alitusimamisha barabara ya Pugu, akauliza gari ni la bwana gani. Fakihi akanionyesha mimi. Mzungu akacheka, kisha akaacha kucheka, akaamuru tushushe magunia yote aone tumeiba nini. Tulishusha. Akakuta makaa. Akaondoka zake, tukapakia wenyewe tena juani, gunia moja moja. Nilimsindikiza kwa neno la Kiyao ambalo sitaliandika hapa.

Lakini raha yake ilikuwepo, nisiseme uongo. Tukipanda kilima cha Pugu na mzigo, rejeta ilichemka, mvuke ukatoka unanukia manjano, na watu njiani wakapiga kelele, "Mchuzi huo umeiva!" Mchangani likizama, nilishuka nikatandika makuti chini ya tairi, nikasukuma pamoja na wanaume, na likitoka nilikimbia nalo nikarukia nyuma. Nilijua sauti zake zote. Nilijua gea ya pili inalia lini, na nilitazama miguu ya Fakihi kila siku kama mtu anayesomeshwa. Nilikuwa na kitu changu duniani. Asiyewahi kukosa kitu hawezi kujua utamu wa neno hilo.

Halafu masika moja Fakihi alinyeshewa njiani, akashikwa na kichomi, na kabla mvua hazijakatika alikuwa amefariki.

Hapa lazima niwaeleze habari ya Gaspar. Gaspar alikuwa Mngoni wa Songea, Mkristo, mchukuzi wa bandarini, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Wangoni na sisi Wayao ni watani. Zamani babu zao waliwavamia babu zetu, na kwa kuwa vita imekwisha kilichobaki ni matusi. Mtani anaweza kukuita mateka wake, anaweza kuchukua jogoo wako ukimwangalia, na kwenye msiba ndipo anapopata nguvu zaidi: hufanya vituko mpaka wafiwa wacheke, hushika kitu na kukataa kukiachia mpaka akombolewe. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na aibu ni yako na ukoo wako.

Waliorudi makaburini walinisimulia kwamba Gaspar alishuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema hapa pazuri, Fakihi akatafute pengine. Wazee wa Kiyao wakacheka huku wanalia, wakamwahidi jogoo, akatoka. Mtu mmoja tu hakucheka. Marijani, mdogo wake Fakihi, alitaka kumvuta Gaspar kwa shingo, ikabidi ashikwe.

Marijani alikuwa Myao baba na mama, lakini tangu apate kazi ya ukarani Boma alijiita mtu wa mjini. Koti juu ya kanzu, kalamu kifuani, na anaongea polepole kama anayeogopa maneno yasimchafue. Utani kwake ulikuwa ushenzi wa bara. Matanga yalipoanuliwa tu, aliingia chumbani kwa kaka yake, akachukua ufunguo wa gari msumarini, akatoka nao. Mimi nilikuwa tayari nimeingia eda, nimefungiwa chumba cha ndani, siruhusiwi kuonekana na mwanamume wa kando mpaka muda wangu utimie.

Eda ile ndiyo iliyonifundisha hasira. Asubuhi nilisikia injini inawashwa nyuma ya ukuta na mtu asiyeijua. Marijani alikuwa ameajiri dereva, gari linabeba mawe na mchanga wa wajenzi. Mawe! Gari la makaa! Nilisikia klachi inavyokwaruzwa, nikasikia gea ya pili inalia kilio ambacho kwa Fakihi haikuwahi kulia, na mimi nimekaa kitandani na kaniki yangu nyeusi, nauma mto. Adelina, mke wa Gaspar, ndiye aliyeniletea habari kila siku pamoja na uji.

"Leo limezimika Chang'ombe," ananiambia. "Moshi mweusi."

"Wanatia manjano?"

"Dereva alitaka. Shemeji yako kasema rejeta si chungu."

Nililia. Nililia kwa ajili ya gari lile kuliko nilivyolia siku ya arobaini ya Fakihi, na simwombi mtu radhi. Fakihi alikuwa kwa Mungu, mahali pema. Gari lilikuwa kwa Marijani.

Nikamwita. Alikuja akasimama nje ya pazia, tukaongea bila kuonana.

"Shemeji," nilisema, "rudisha ufunguo. Gari ni langu."

"Shemeji, kaa eda yako kwa heshima. Mambo ya gari tuachie wanaume."

"Nimelinunua mwenyewe."

"Kwa fedha ya nani?"

"Ya vitumbua. Ya kuni. Ya makaa."

"Vitumbua ulivipikia jiko la nani? Kuni ulikata ukiwa mke wa nani?" Alikohoa kidogo, kama yuko ofisini. "Fedha ya mke ni fedha ya mume iliyokaa mkononi mwa mke. Na wewe hata mtoto hukuzaa, tuseme tunamwekea yeye. Siku ukitoka eda, shehe atagawa mirathi, utapata fungu lako. Gari litakwenda kwa ndugu wa marehemu."

Hatua zake zilipokwisha, nilimwambia Adelina, "Mwambie mtani wangu, siku ya kutoka eda asije mikono mitupu."

"Aje na nini?"

"Mie nimjulie wapi? Yeye si ndiye Mngoni."

Siku ikafika. Wanawake waliniamsha mapema, wakaniogesha, wakanivua kaniki, wakanivika kanga mpya yenye kunukia udi. Kina mama walipiga vigelegele, mikeka ikatandikwa uani, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale uani, limeoshwa. Nililitazama nikaona taa moja imevunjika na bodi limepinda kwa mawe, na moyo wangu ukapinda nalo. Marijani aliliosha kwa sababu alikusudia kuondoka nalo siku hiyo hiyo. Alikuja na makarani wenzake wa Boma, wamevaa makoti, wamekaa kwenye viti vya kuazima wakati shehe mwenyewe amekaa mkekani.

Shirinbai naye alikuja. Alikaa katikati ya wanawake wa Kiyao na hijabu yake, akiwa amekunja magoti kwa shida, na shehe alipotaja mali ya marehemu, kitanda, baiskeli, koti la jeshi, na gari, alinyanyua mkono.

"Shehe, samahani. Gari nimeuza mimi. Fedha nimepokea mkononi kwa huyu." Akanionyesha. "Fakihi alikuwa amesimama nje, anafukuza kuku."

Watu wakacheka. Marijani hakucheka. "Mama, tunakuheshimu. Ila fedha ya mke ilitoka wapi kama si kwa mume?"

Shehe wetu alikuwa mtu mwema na mwoga kidogo. Alisema mali ya mke ni ya mke, dini imesema hivyo waziwazi, lakini jambo lazima lithibitike, na shahidi mwanamke mmoja hatoshi. Akasema labda lipelekwe kwa kadhi. Marijani akaitikia haraka, ndiyo, kwa kadhi, na mpaka hapo gari likae kwake. Nikajua kwa kadhi kutachukua mwaka, na kwa mwaka gari lile litakuwa vyuma chakavu. Nikajua nimelikosa.

Ndipo tuliposikia debe linapigwa.

Gaspar aliingia na Wangoni wenzake wanne wa bandarini. Alivaa kofia ya makuti, akachechemea kama Fakihi alivyokuwa akichechemea tangu Burma, akashika usukani wa hewani, akapiga honi kwa mdomo. Wanawake wakaangua kicheko na kilio pamoja, kwa sababu ilikuwa kama Fakihi mwenyewe ameingia. Mmoja wa wenzake alikuwa amebeba beseni la majivu yaliyokorogwa na maji, uji mzito mweusi. Gaspar akalipokea, akalitua juu ya boneti, akafungua mlango wa gari, akakaa kwenye kiti cha dereva.

"Nyie Wayao!" akapaza sauti. "Babu zenu tuliwateka mkikimbia, mkaacha mpaka vyungu jikoni. Leo mmenenepa, hamtekeki, basi nimeteka gari. Mwenye gari yuko wapi? Aje hapa, nimpake majivu, aniombe mbele ya watu. Asipotokea nahamia humu na mke wangu!"

"Shuka," akasema Marijani.

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Nimesema shuka. Mie sina utani na mtu."

"Huna utani?" Gaspar akashuka, akalichukua beseni lake. "Shehe, umesikia? Myao hana utani! Basi huyu si mateka wetu, huyu tulimdondosha njiani."

Hata shehe aliziba mdomo kwa mkono. Marijani akageuka kwake. "Shehe, mbele yako nasema, mie sina utani na mtu yeyote. Niondolee watu hawa."

"Mambo ya watani si ya msikiti," shehe akasema. "Wewe ni mfiwa. Msikilize, yaishe."

Gaspar akachota konzi la majivu. Yalimdondoka katikati ya vidole. Akaanza kumsogelea Marijani polepole, na Wangoni wanne wakajipanga kushoto na kulia, debe linalia. Marijani akarudi nyuma. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, ya siku hiyo. Wale makarani wenzake walihamisha viti vyao pembeni, na mmoja wao, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa anacheka mpaka machozi. Kicheko cha yule karani ndicho kilichommaliza Marijani. Mgongo wake ukagonga ukuta wa jiko, Gaspar akamshika koti.

"Niambie kwa mdomo wako, bwana mkubwa. Gari la nani?"

"Niache! Si langu!"

"Sisikii, masikio ya Kingoni mazito. La nani?"

"Si langu mie! Wala si la ndugu yangu! La huyo mwanamke! Mpakeni huyo mwenye gari lake, niacheni mie!"

Debe likanyamaza.

Mimi nilishasimama. Wanawake wakanishika, "Somoe, kanga mpya! Umetoka kuogeshwa sasa hivi!" Nikajitoa. Nilipita katikati ya mikeka ya wanaume bila kusema hodi, nikapanda juu ya bodi la gari langu, nikasimama wima.

"Nipake," nikamwambia Gaspar.

Gaspar hakucheka tena. Alinisogelea, mkono umejaa, macho yake mekundu. "Nani wewe?"

"Mwenye gari."

"Sema wasikie na wa barazani."

"Mie ndiye mwenye gari!" Nililisema hilo kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nililisema mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakabweka. Gaspar akanipaka uso, akanipaka nywele, akanimwagia mengine mabegani, uji wa majivu ukanitiririka mpaka ndani ya kanga mpya. Yaliniingia mdomoni, machungu yenye chumvi, na nilikuwa nacheka. Nikamwomba gari langu kama desturi inavyotaka, nikamwahidi mbuzi, akasema basi, gari limekombolewa na mwenyewe. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata harusini kwangu.

Marijani alikuwa ananyoosha koti lake. "Haya, mmefurahi. Sasa shehe, tuendelee. Kwa kadhi."

"Kwa kadhi kufanya nini?" akauliza shehe.

"Kwa habari ya gari."

"Umekiri kwamba si lako wala si la marehemu. Tumekusikia sote, na hawa mabwana wa Boma uliokuja nao wamekusikia. Mtu akikiri juu ya nafsi yake, shahidi wa nini tena?"

"Ule ulikuwa utani!"

Nilisema shehe wetu alikuwa mwoga kidogo. Siku ile hakuwa. "Gaspar alikuwa anatania," alisema. "Wewe umeniambia, mbele ya watu hawa, kwamba huna utani na mtu. Basi uliyoyasema uliyasema kwa kweli. Mpe ufunguo wake."

Marijani alitazama makarani wenzake. Mmoja alikuwa anatazama viatu vyake, mwingine bado anafuta machozi. Akautoa ufunguo, akautupa ndani ya beseni la majivu. Nikashuka, nikachovya mkono, nikautoa ufunguo wangu.

"Lako basi," akasema. "Likae hapo hapo. Dereva wako yuko kaburini. Litaozea uani, na siku moja utanifuata mwenyewe unipigie magoti."

Pengine angeishia kwenye "lako basi" ningenawa uso, nikala pilau, nikatafuta dereva kesho yake. Lakini alilitaja kaburi la mume wangu kwa mdomo ule. Nikapanda kwenye kiti cha Fakihi. Mguu wangu ulipata klachi bila kuitafuta, kwa kuwa niliutazama mguu wake miaka yote ile. Nikamwambia Gaspar azungushe hendeli ya kuwashia injini kule mbele. Alinitazama, akaona sitanii, akazungusha. Injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Gari lote likatetemeka, na mimi nikatetemeka nalo.

Wanaume walisimama wote mikekani. Wengine waliniambia niache mchezo, wengine walimwita Mungu. Shirinbai peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Marijani alikimbia, akasimama mbele ya gari, mikono ameitandaza. "Hutoki! Mwanamke hatoi gari kwenye nyumba ya kaka yangu!"

"Ondoka, shemeji."

"Siondoki!"

Nikaingiza gea. Ililia kilio kibaya kuliko kilio chochote nilichokisikia eda nzima, na safari hii kilinifurahisha kwa sababu ninayeikwaruza ni mimi.

"Shemeji," nikamwambia, "breki bado sijajifunza."

Nikaachia klachi.

Gari liliruka. Marijani aliruka vilevile, kando, ndani ya ua wa makuti wa Gaspar, akatokea upande wa pili na koti lake likabaki kwenye miti. Mimi nilipita, nikachukua kona kwa baraka za Mungu, nikatoka mtaani na majivu yamenikaukia usoni. Watoto walinikimbilia, watu wazima walinikimbia. Nilishika barabara ya Pugu, nikaenda tu. Nikapita mikorosho, nikapita kituo cha askari, mmoja akanyanyua mkono anisimamishe, nikampungia.

Sikulisimamisha gari, lilisimama lenyewe petroli ilipokwisha, karibu na Gongo la Mboto. Nilishuka, nikapanda bodini, nikakaa juu na kanga yangu iliyochafuka, miguu inaning'inia, nikawasubiri waje wote wanione.